Sauti ya Ng'ambo ya Suhojezero

Oratia, Nyuzilandi
3 Septemba 1967

Kwa Shangazi Luca Pervan,
Kijiji cha Suhojezero, Dalmacija

Tumsifu Yesu.

Hunijui. Mimi ni Nikola, mwana wa kaka yako Stipan Pervan aliyeondoka huko mwaka 1911. Nimezaliwa huku, na lugha yenu nimejifunzia jikoni. Ukikuta kosa nisamehe, na ukikuta makosa mengi mlaumu marehemu mama, maana alinifundisha huku akikoroga sufuria.

Baba yuko hai. Ana miaka sabini na minne. Macho yameingia ukungu, kwa hiyo namsomea mimi kila kitu, na shamba la mizabibu naliangalia mimi. Tangu baridi ya mwaka huu amebadilika. Chakula hali vizuri. Anakaa barazani ameelekea upande ambao hakuna kitu ila ukuta wa banda la mapipa, na ukimwita aingie ndani hataki. Ananiuliza, "Nikola, umesikia kitu?" Namwambia, "Sijasikia, baba." Anasema, "Basi tungoje kidogo."

Tena anasema mambo ya ajabu. Kwamba mbele ya mlango wa kwao walilima zabibu na kabeji, na mbele ya mlango huohuo walivua samaki. Nikamuuliza, "Lilikuwa shamba au ziwa?" Akasema, "Shamba. Na ziwa." Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Daktari anasema ni uzee, tumpe supu na tusibishane naye.

Juzi akanishika mkono akaniambia nikuandikie wewe, dada yake. Nikamuuliza niandike nini. Miaka yote hii hajawahi kuandika hata mstari mmoja kwao, na sababu sijawahi kuambiwa. Akasema, "Uliza kama yupo."

Basi, shangazi, nauliza. Upo?

Mwanao,
Nikola Pervan

*

Suhojezero
28 Septemba 1967

Nikola mwanangu,

Milele na milele, amina.

Mimi ni Luca Pervan, na nipo. Hilo ndilo jepesi.

Gumu ni hili. Suhojezero ukirusha jiwe litampiga Pervan, na likidunda litampiga binamu yake. Jina la ukoo hapa ni la serikali na la kaburini tu. Sisi tunaitana kwa jina la nyumba. Yetu ni nyumba ya Kurjak, yaani Mbwa-mwitu, kwa sababu babu wa mume wangu alikuwa anaanza kula kabla ya sala kwisha. Kuna nyumba ya Kijiko. Kuna nyumba ya Kiwete, na hao wanakimbia kuliko wote. Barua yako, Šimun wa posta ameitembeza milango mitatu akiuliza, "Mnaye Luca mwenye kaka Nyuzilandi?" Mwisho akaja kwangu. "Luca, chukua wewe. Miguu inaniuma, na wewe angalau huniambii nikusomee."

Kwa hiyo niambie, baba yako ni Stipan wa nyumba gani? Maana mimi nililetwa hapa bibi harusi mwaka 1930 kutoka nyuma ya mlima, na kaka wa Nyuzilandi sina, ingawa ningefurahi kuwa naye. Kina Luca Pervan wengine ninaowajua, wawili wako makaburini, Mungu awarehemu, na mmoja yuko darasa la tano. Ikiwa shangazi yako ni mmoja wa wale wawili, pole sana, mwanangu. Muulize baba jina la nyumba, nami nitakwenda kuwasha mshumaa penye kaburi linalohusika.

Ila huyo daktari wenu mwambie anywe hiyo supu yeye. Baba yako hana kasoro kichwani. Sisi tunakaa ndani ya bakuli: milima pande zote, na chini yetu shamba tambarare. Mvua za vuli zikishika, maji yanatoka chini ya mawe bila kumwomba mtu ruhusa, na pale tulipochuma zabibu mwezi wa tisa tunapiga makasia mwezi wa kumi na mbili. Kila nyumba ina mashua zizini, kando ya punda. Kwenda Zavode, kijiji cha ng'ambo, kwa kuzunguka mlima ni nusu siku na viatu vinalia. Kwa mashua mume wangu anavuta sigara mbili. Halafu ukifika mwezi wa tatu, Koo linaanza kumeza. Koo ni shimo lililo chini ya mwamba. Linameza ziwa zima, nasi tunashuka kukata mizabibu yenye matope, na kuna mwaka nilikuta samaki wa mkunga amejizungusha kwenye tawi.

Wazee wanasema Waturuki walikuja kiangazi wakapima shamba ili watoze kodi, wakarudi baridi kukusanya, wakakuta ziwa, wakadhani wamepotea njia. Siwezi kuapa kama ni kweli. Walipita hao, wakapita Waaustria, wakapita Waitaliano na viberiti vyao, na Koo limewameza wote. Sasa wahandisi wa serikali wanachimba handaki mlimani. Wanasema miaka michache ijayo ziwa halitakuja tena. Wanaume wanashangilia. Mimi sijui nani atakumbuka ile desturi yetu: anayevuka, akigusa ng'ambo, hupaaza sauti "Nimefikaa!" na aliyebaki hujibu "Nimekusikiaa!" Kabla ya hapo hakuna anayegeuza mgongo na kuingia ndani, hata kama ni mama mkwe ndiye aliyeondoka.

Nakushukuru kwa barua. Sijaandikiwa kutoka mbali namna hii maisha yangu yote, na Šimun ameshaomba stempu.

Luca Pervan, wa Kurjak

*

Oratia
21 Oktoba 1967

Shangazi Luca,

Naomba uniache nikuite hivyo, kisha unitukane ukitaka.

Nilimsomea baba barua yako barazani. Niliposoma, "Mimi ni Luca Pervan, na nipo," alinyanyua mkono ninyamaze. Akaichukua barua, akaibusu, akalia mpaka koti likalowa. Hajalia hivyo hata siku tuliyomzika mama. Alikuwa anasema neno moja tu, "Amefika. Amefika." Nani kafika, wapi, sikuelewa.

Niambie, ningeendelea kusoma? Ningemsomea habari za makaburi mawili na mshumaa? Niliruka. Nikasoma ya ziwa, ya punda na ya Waturuki. Alicheka! Akaniambia, "Kamwambie daktari." Usiku ule alikula nyama na akaomba mkate zaidi.

Jina la nyumba siwezi kumuuliza. Nikimuuliza atajua kwamba hujui, na akijua kwamba hujui atajua wewe siye. Dada yake wa kweli atakuwa ni mmoja wa wale uliowataja, na sasa kumwambia ni kumzika baba pamoja naye.

Shangazi, nakuomba kwa magoti. Mwandikie kama dada. Barua moja tu, fupi, ya mambo ya hapo kijijini. Hutasema uongo mwingi. Jina ni lako, kijiji ni chako.

Anayekushukuru hata kabla hujakubali,
Nikola

*

Suhojezero
12 Novemba 1967

Nikola,

Umenivisha viatu vya marehemu halafu unaniomba nicheze ngoma ya kolo. Mume wangu Mate aliniuliza, "Kulikoni, mbona leo chakula hakina matusi?" Nikamweleza. Alifikiri, akawasha sigara, akasema, "Mtu anakula sasa, sivyo? Basi andika." Mate haongei sana, lakini alipoongea nilichukua kalamu.

Nitaandika mara moja tu. Ukurasa wa pili ni wa baba. Huu wa kwanza uchome. Na ujue kwamba sijalala vizuri.

Luca

*

Kaka Stipan,

Nimekaa mlangoni nabambua maharage. Mvua imenyesha tangu Jumatano, na Jumapili, watu wakitoka misa, maji yakawa yameshafika kwenye kabeji za mwisho. Hapa nilipo naliona Koo linatema povu, na nikiinua macho naiona kengele ya Mtakatifu Roko ikiyumba. Wiki iliyopita wanaume walishuka pamoja kuondoa matawi mdomoni mwa Koo, kazi ya bure kama siku zote, malipo ni ugali wa palenta na nyama ya kondoo ya moshi. Wakalipana kwa nyimbo pia, ambazo hakuna aliyeziomba.

Zabibu za mwaka huu zilikuwa ndogo na tamu. Umeme umefika mpaka kanisani. Wazee wamebaki wachache, lakini wanaobaki ni wabishi, hawafi ovyo.

Nashukuru umeuliza. Mtu aliye mbali kote huko na bado anauliza, huyo hajaondoka. Kula, kaka, na umsikilize kijana wako. Ana moyo mzuri kuliko sarufi yake.

Luca

*

Oratia
4 Desemba 1967

Kwa Luca wa nyumba ya Kurjak,

Anayeandika ni jirani yangu Bariša. Anaandika kama anavyolima, mistari imepinda lakini mbegu ni nzuri. Nikola hajui. Amekwenda mjini kuuza divai.

Shemeji, nakuita shemeji maana umeolewa kwetu, umenidanganya vizuri na nakushukuru. Ulinipa wiki kadhaa za furaha, na mzee hapewi furaha za bure kila siku. Lakini macho yangu ndiyo yaliyoharibika. Kijiji bado nakiona. Kutoka mlango wa kwetu Koo halionekani, mwamba umesimama katikati. Na kengele huioni mpaka utoke uani. Suhojezero nzima ni mlango mmoja tu unaoona Koo na kengele ukiwa umekaa, nao ni wa Kurjak. Nimekaa sana kwenye kizingiti hicho nikiwa mdogo. Mumeo ni mtoto wa Jure? Jure alituibia pea. Mwambie mwanawe nimesamehe, zilikuwa na mabuu.

Nikola msimkemee. Anadhani mimi ni yai. Lakini mngeniuliza tangu mwanzo ningewaambia: sisi ni nyumba ya Vidra, Fisi-maji, ile ya mwisho kabla ya gati.

Sasa nisikilize, maana hili sijalisema kwa mke wangu wala kwa padri.

Mwezi wa pili 1911 niliitwa jeshini, kwenye jeshi la Kaisari. Mama alikuwa mjane, na kijana wa Kijiko alikuwa ameshaletwa kutoka jeshini ndani ya sanduku. Tukakubaliana nitoroke. Barabarani kulikuwa na askari, kwa hiyo njia ilikuwa ziwa: mpaka Zavode, kisha mkokoteni wa mtu hadi bandarini. Aliyenivusha alikuwa dada yangu Luca. Alikuwa na miaka kumi na sita na mikono yenye nguvu kuliko yangu. Alipiga makasia akilia. Mimi nilikuwa na hofu, na mwenye hofu ni mtu mbaya. Nikamwambia, "Acha kulia, unajaza maji kwenye mashua." Tulipogusa ng'ambo nilishuka na mzigo wangu. Sikusema asante. Hata mkono sikumpa.

Akageuza mashua. Alikuwa katikati ya ziwa upepo wa bura uliposhuka kutoka mlimani. Wewe unaijua bura, sihitaji kukueleza. Maji yakawa meupe, sikumwona tena. Nikasimama gatini Zavode nikisubiri sauti yake itoke upande wa kwetu. Nilisubiri, shemeji. Nilisikia upepo tu. Mwenye mkokoteni akasema askari wanakuja, akanishika ukosi wa koti akanivuta, nami nikaenda.

Niligeuza mgongo kabla ya kusikia.

Mwanzo sikuandika kwa sababu ya Kaisari, wasije wakamtesa mama. Halafu Kaisari akaisha, na bado sikuandika. Niliogopa jibu. Nilichimba sandarusi kwenye vinamasi vya huku, nikapanda mizabibu, nikaoa, nikazaa, na muda wote huo nilijiambia kwamba nisipouliza, Luca bado yumo ziwani anapiga makasia. Mwaka huu nimechoka kusimama gatini.

Alifika? Kama hakufika, sema hakufika. Usinihurumie. Huruma ninayo nyumba nzima.

Stipan Pervan, wa Vidra

*

TELEGRAMU
19 Desemba 1967
STIPAN PERVAN ORATIA NYUZILANDI

LUCA WA VIDRA YU HAI ALIFIKA YUKO ZAVODE BARUA INAKUJA KULA = LUCA WA KURJAK

*

Suhojezero
21 Desemba 1967

Kaka Stipan, na wewe Nikola usimame hapo usome bila kuruka hata nukta,

Nilisoma barua yako posta, nimesimama. Nilipofika kwenye bura nilipiga ukelele Šimun akamwaga wino. Akaniuliza, "Amekufa nani?" Nikamwambia, "Hajafa mtu, mjinga wewe, leta karatasi ya telegramu!"

Huyo dada yako namjua! Nimekaa naye benchi moja kila sikukuu ya Mtakatifu Roko tangu niolewe. Amenipa mbegu za kabeji. Amenifundisha kunyoosha mgongo wa mtoto. Lakini hapa hakuna anayemwita Luca, wala Pervan, wala Vidra. Anaitwa Bibi Bura, mke wa marehemu Grgo Ujdur wa Zavode. Na ile hadithi yake kila mtu anaijua, inasimuliwa harusini ili watu wacheke: msichana aliyetafutiwa mume na upepo. Wanasimulia bura, wanasimulia mashua, wanasimulia Grgo alivyovua suruali. Aliyevushwa alikuwa nani, hawasemi. Mimi mgeni wa kuja sikuuliza. Na Nikola aliponiuliza kina Luca Pervan, niliwahesabu waliopo na waliokufa. Waliotoka kwa kuolewa sikuwahesabu. Ndivyo tulivyo hapa, tukishamwoza msichana, jina lake tunamkabidhi mumewe pamoja na godoro.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Bura haikumpeleka kwenu. Ilimrudisha Zavode, ikamtupa kwenye matete nyuma ya kilima cha gati. Grgo alikuwa anakata matete pale, akaingia majini mpaka kifuani, akamtoa kwa kumshika nywele. Wakati wewe umesimama gatini unasikiliza mbele, kaka yangu, yeye alikuwa nyuma yako, nyuma ya kilima, amefungwa blanketi la farasi, anatetemeka mbele ya moto. Ulikuwa unasikiliza upande usio wake.

Tulivuka jana, mimi na Mate. Ziwa limejaa mpaka kwenye gati. Nilimkuta jikoni anakaanga maandazi ya Noeli, mgongo kwangu.

Nikasema, "Bibi Bura, siku ile ya bura ulikuwa umemvusha nani?"

Akasema bila kugeuka, "Kaka yangu."

"Anauliza kama ulifika."

Maandazi yakaanza kuungua, moshi ukajaa, na Mate, ambaye hajawahi kugusa sufuria tangu abatizwe, akaitoa motoni kwa kofia yake. Kofia imeharibika. Bibi Bura akageuka, uso mkavu kabisa, akaniambia, "Yupo?"

Nikamwambia, "Yupo. Ana mizabibu na mtoto mwongo."

Akakaa chini sakafuni palepale. Nami nikakaa. Hayo mengine ni ya wanawake, hayaandikwi.

Ya nyumba yenu nitakuambia kweli, maana uongo wangu umekwisha. Paa halipo tangu vita. Mtini umeota jikoni, na mwaka huu ulizaa vizuri. Mama yako alikufa 1924, kitandani kwake, kwa amani. Luca alikuwa naye.

Na mimi nashukuru. Nilikuwa dada yako kwa ukurasa mmoja. Sasa mwenye viatu vyake amevivaa, nami nimelala usingizi wa kwanza tangu Novemba.

Shemeji yako,
Luca

*

Zavode
26 Desemba 1967
Siku ya Mtakatifu Stefano

Stipan,

Luca wa Kurjak anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asiongeze vichekesho vyake.

Leo ni siku ya mtakatifu wa jina lako. Kila mwaka siku hii mimi huweka glasi moja zaidi mezani. Grgo alikuwa ananiuliza, "Ya nani?" Namwambia, "Ya Stipan." Anauliza, "Kama amezama baharini?" Namwambia, "Basi atakuwa na kiu." Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa akiijaza mwenyewe.

Unasema uligeuza mgongo kabla ya kusikia. Na mimi je? Ulipotoka hapa ulikwenda kuvuka bahari zote, na mimi na mama hatukusikia kitu. Mama alikuwa anashuka gatini jioni. Tulimwambia, mama, sauti haitoki huko Nyuzilandi alikopanga kwenda. Akasema, "Ninyi hamjui mapafu yake." Hakukukasirikia hata siku moja. Alikuwa akisema kijana wa Kijiko yuko ardhini na wangu yuko mahali, na mahali ni pazuri kuliko ardhini.

Kuhusu asante. Umewahi kunisikia nikiidai? Kama usingeondoka nisingevuka, nisingevuka nisingezama, nisingezama nisingemwona Grgo. Wanangu watano na wajukuu sijui wangapi wote wametoka kwenye mashua ile. Asante ni yangu kwako, nami sikuwa na pa kuipeleka. Sasa ipokee.

Na sikulia kwa sababu yako. Mikono ilikuwa inaniuma. Mzigo wako ulikuwa mzito, ulikuwa umebeba nini, mawe?

Wanasema ziwa halitakuja tena baada ya handaki. Basi nimesema nifanye leo, maji yakiwa bado yapo. Baada ya misa wajukuu walinivusha mpaka gati ya kwetu, pale chini ya nyumba ya Vidra. Nilitoka mwenyewe, nikagusa ukuta wa mama kwa mkono. Kisha nikageuka, nikaelekea huko waliponiambia uko, nikapaaza sauti. Watu wa Suhojezero wote walitoka milangoni. Luca wa Kurjak anasema mbwa walinyamaza, lakini nimemwambia asiongeze.

Stipan! Nimefikaa!

Dada yako,
Luca

*

Oratia
14 Januari 1968

Shangazi zangu wawili,

Sasa ninao wawili, na sitaki kupunguza hata mmoja.

Telegramu ilipokuja baba aliniambia niisome mara tatu, kisha akaniuliza, "Ile 'kula' ni amri au salamu?" Nikamwambia kwa jinsi ninavyomjua aliyeandika ni amri. Akala. Baadaye akanieleza yote, tangu mashua hadi ukosi wa koti. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa nyumba moja na baba yake miaka arobaini na asijue anasubiri nini. Nilimwomba msamaha kwa kuruka mistari. Akasema, "Uliruka kwa mapenzi. Mara nyingine ruka lakini uangukie mahali pazuri."

Barua zenu zilifika pamoja leo asubuhi. Nilizisoma barazani bila kuruka kitu, hata suruali ya Grgo. Alicheka, akauliza habari za mtini, akavua kofia kwenye habari za mama yake. Kwenye mzigo alisema, "Mwambie zilikuwa tini kavu na paja zima la nguruwe la moshi, mama alinibebesha, na nilikula bila kumwachia hata kipande. Mwambie namletea deni hilo mbinguni."

Nilipofika mstari wa mwisho, ule wa kupaaza sauti, sikuusoma kwa sauti ya kawaida. Nilisimama nikaupaaza kama ulivyoandikwa.

Baba aliinuka kutoka kwenye kiti. Akashika nguzo ya baraza, akaelekea ule upande wa ukuta wa banda, akaweka mkono mdomoni. Ana miaka sabini na minne, lakini bibi yangu alisema kweli kuhusu mapafu yake. Bariša alitoka shambani anakimbia na jembe mkononi, akidhani kuna moto.

"Nimekusikiaa!"

Akasubiri kidogo, mpaka mlio ukaisha kwenye vilima. Nami, kwa mazoea, nikamshika mkono nikamwambia, "Baba, tukae tungoje?"

Akasema, "Tungoje nini tena? Jua kali," akageuka, akaingia ndani.

Mwana wenu,
Nikola